Nililipa VIP, sauti ya mwimbaji sikuisikia

*Wapendwa wa safu,*

*Jambo yenu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Jumamosi iliyopita mimi na mdogo wangu wa kiume tulienda konseri ya mwanamuziki mmoja aliyetoka Kinshasa, kwenye uwanja wa mpira. Nililipa VIP, dola 50 kila mmoja, viti vya mbele kabisa chini ya jukwaa. Tiketi ya kawaida ilikuwa dola 10, lakini mimi nilitaka kusikia maneno ya nyimbo, ndiyo maana nikatoa zile 50.*

*Bango liliandika saa 12 jioni. Mwenyewe alipanda saa 5 na nusu usiku. Na alipopanda, sikushika neno hata moja. Besi tu, kifua kinatetemeka, na batri, zile ngoma za jukwaani, inapigwa kama iko ndani ya kichwa changu. Binamu yangu, aliyekuwa mbali kule na tiketi yake ya dola 10, anasema alisikia kila kitu. Nilitia pamba masikioni, haikusaidia. Wakati wa kutoka walifungua mlango mmoja tu. Tulibanwa mpaka mdogo wangu miguu ikaacha kugusa chini.*

*Leo ni Jumanne na sikio la kushoto bado linalia, kama mbu aliyefungwa ndani ya chupa. Bwana yangu ananicheka, anasema konseri yote ipo kwenye simu, bure, na choo kiko karibu. Lakini mwezi wa nane kuna nyingine, na mtoto wangu wa miaka 6 analilia kwenda. Niende? Nilipe VIP tena? Na huyu mtoto?*

*Mama wa Katuba*

Mama wa Katuba,

Tuanze na sikio, mengine yatangoja. Mlio baada ya muziki mkubwa kwa kawaida huisha usiku uleule au ndani ya siku mbili hivi. Wako umepita hapo, na uko upande mmoja. Nenda kwa daktari leo au kesho, usingoje Jumamosi. Mweleze saa mlizokaa mbele ya bafle (spika) na umwombe akupeleke kwa mtaalamu wa masikio, ORL. Hospitali ya Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu ndiko watu wa mji huu huelekezwa. Haraka ina sababu yake: kama usikivu umeshuka kweli, dawa za jamii ya kotizoni zina nafasi nzuri zaidi ya kusaidia zikianza siku za mwanzo, na nafasi hiyo hupungua kila wiki inayopita. Ukiwa unajitayarisha kutoka, weka mlio wa simu kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto, sauti ileile. Kama kushoto ni dhaifu au kama mtu anaongea ndani ya pipa, mwambie daktari hilo kabla ya jingine lolote.

Usitie mafuta ya moto, kitunguu saumu wala matone ya jirani. Tatizo haliko kwenye tundu la sikio. Liko ndani, kwenye vinyweleo vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Vikilazwa na kelele vinaweza kuinuka tena vikipumzishwa. Vikifa, havioti vingine. Kwa hiyo mpaka daktari aseme, kaa mbali na baa, na Jumapili kanisani usikae upande wa bafle. Sono (mitambo ya sauti) za makanisa yetu nyingine zinashinda za konseri.

Sasa dola zako 50.

Hukusikia sauti ya mwimbaji kwa sababu ulikuwa karibu naye mno. Hapa watu wengi hupotea, maana tumezoea kwamba mbele ndiyo heshima. Lakini sauti ya mwimbaji haitoki mdomoni mwake kukufikia wewe. Inapita kwenye maikrofoni, inaenda kwenye meza ya sauti, inarudi kwenye mabafle. Na mabafle ya konseri kubwa yamegawanyika. Yanayobeba sauti ya mtu na gitaa yametundikwa juu, kushoto na kulia, yakaelekezwa kwa watu wa katikati na wa nyuma. Yanayobeba besi ni yale makabati makubwa yaliyokaa chini, mbele ya jukwaa. Wewe ulikaa mita chache tu mbele ya makabati hayo, huku maneno yakipita juu ya kichwa chako kwenda kwa binamu yako. Juu ya hayo unapata batri moja kwa moja kutoka jukwaani, na vile vibafle ambavyo wanamuziki wamegeuziwa ili wajisikie wenyewe. Hesabu inatoka: ngoma nyingi, maneno hamna.

Mafundi wazuri hupanga vibafle vidogo kwenye ukingo wa jukwaa, vikiangalia safu za mbele, kwa ajili ya watu kama wewe. Mara nyingi havipo, kwa sababu ni kodi ya vifaa zaidi na anayeandaa anajua VIP ameshalipa.

Unaposikia vizuri ni karibu na meza ya sauti. Ni kile kibanda au hema lenye taa ndogo katikati ya watu, kwa kawaida mita 20 hadi 35 kutoka jukwaani. Yule anayeshika vitufe anarekebisha kila kitu kwa masikio yake mwenyewe, pale alipo. Simama mbele yake kidogo au ubavuni mwake, utasikia anachosikia. Usisimame kwenye mstari wa katikati kabisa, kwa sababu besi ya kushoto na ya kulia zinafika hapo kwa wakati mmoja na kujumlishana. Sogea mita 2 au 3 pembeni, besi inapungua na sauti ya mtu inafunguka. Kama huyu fundi anafanya kazi amelewa, hakuna mahali pazuri uwanjani, lakini hiyo ni bahati mbaya ya aina nyingine.

Kwa nini si nyuma zaidi, ambako hata bei ni nafuu? Kwa sababu sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukikaa penye ukuta wa zege au tribini (ngazi za kukalia watazamaji) mita 50 nyuma yako, mlio unakupita, unagonga ukuta, unarudi baada ya karibu theluthi ya sekunde. Kila neno unalisikia mara mbili, la pili likikanyaga la kwanza. Kwenye ukumbi wa mabati na kuta tupu ni mbaya zaidi, maana unarudi kutoka pande zote pamoja na dari. Hapo hata mpiga gitaa bora wa sebene, ile sehemu ya wimbo ya gitaa na kucheza, anageuka uji. Epuka pia pembe za ukumbi, besi inajikusanya huko, na chini ya balkoni, ambako sauti kali hazifiki. Na kama wewe ni mfupi, ukumbuke kwamba vichwa vya watu vinameza sauti nyembamba, zile zinazofanya maneno yaeleweke. Ngazi mbili tatu za tribini zitakufaa kuliko viatu virefu.

Kwa hiyo kuhusu VIP: kabla ya kulipa, uliza iko wapi. Kama ni meza na viti kati ya jukwaa na umati, unalipia kuonekana, na hakuna ubaya ukilipia hilo ukijua. Kama ni jukwaa dogo lililoinuliwa jirani na meza ya sauti, au tribini iliyofunikwa inayotazama jukwaa, ina njia yake ya kutokea na choo chake, hapo pesa yako ina kazi. Anayeuza tiketi asipoweza kukujibu, chukua ya dola 10 uwahi mahali.

Juu ya pamba: wengi wanaitumia na haifai kitu. Inapunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu, tena za sauti nyembamba, besi inapita kama haijaona mtu. Tafuta vizibo vya sponji, vile wafanyakazi wa migodini wanavyotumia. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na farmasi nyingine, na katika mji wa shaba kama huu kupata jozi moja hakupaswi kuwa kazi kubwa. Kuvivaa kuna namna yake, na asiyeijua analalamika kwamba havifanyi kazi. Mikono iwe safi. Viringisha kizibo katikati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama uzi mnene, bila kukunja. Pitisha mkono mwingine juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, kisha kishike kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikijitanua ndani. Ukiona kinatokeza nje kama tairi, hakijaingia. Toa, anza tena. Kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe utaisikia imejaa kichwani.

Faida yake ihesabu hivi. Mahali pa kazi, wataalamu wa usalama wa Marekani wanakubali desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na kwenye 100 zimebaki dakika 15. Ni kipimo cha mtu anayerudi kazini kila siku, si cha usiku mmoja, lakini kinakuonyesha mteremko ulivyo mkali. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka 2022 za kumbi za muziki, liliweka ukomo wa wastani wa desibeli 100 katika dakika 15. Mbele ya makabati ya besi 105 si ajabu. Kizibo kilichovaliwa vizuri kikikuondolea 17 tu, unarudi 88. Kutokuwa na kipimo si udhuru: kama unalazimika kupiga kelele ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, umeshapita 85. Toka pembeni kila saa moja, dakika 10 au 15, masikio yapumue. Wakati wa mabanga, mwimbaji anapoimba majina ya wakubwa waliomlipa, ni nafasi nzuri ya kufanya hivyo. Hutakosa kitu isipokuwa jina lako limo.

Saa ya bango ni ya kufungua milango. Baada ya hapo kuna wasanii wa hapa mjini wa kufungua, kuna kubadilisha vifaa, na mara nyingi kuna majaribio ya sauti yaliyopaswa kufanywa mchana yakafanywa jioni kwa sababu umeme ulikatika au vifaa vilichelewa barabarani. Kuna pia jambo ambalo halisemwi kwenye maikrofoni: mwanamuziki hatoki hotelini mpaka sehemu iliyobaki ya malipo yake imefika, na mwandaaji analipa kutoka kwenye pesa za mlangoni. Kwa hiyo anangoja uwanja ujae, na watu wanangoja asikike ndipo waje. Saa tano na nusu yako ilitengenezwa hivyo. Mpigie simu mtu wa sono au wa ulinzi anayefahamika kwako na umwulize jambo moja tu: majaribio yamekwisha? Yasipokwisha saa 11 jioni, kula chakula chako nyumbani kwa amani. Na kwa mwezi wa nane, chukua koti au kitenge kizito. Baridi kali ya Juni na Julai itakuwa imepungua, lakini kukaa saa sita juu ya zege usiku si mchezo.

Tunakuja kwenye mlango, na hapa tunaomba usome polepole.

Kilichompata mdogo wako, miguu kuacha kugusa chini, ndiyo dalili ya mwisho kabla ya watu kufa. Oktoba 29, 2022, kwenye konseri ya Fally Ipupa pale Stade des Martyrs, Kinshasa, watu 11 walipoteza maisha katika msongamano. Houston, Marekani, Novemba 5, 2021, walikufa 10, na uchunguzi wa miili ulisema ni kukosa hewa kwa kubanwa. Wengi wanadhani watu hukanyagwa. Kukanyagwa kupo, lakini mara nyingi mtu anakufa akiwa amesimama: kifua kimebanwa mbele na nyuma, hakiwezi kupanuka kuvuta pumzi. Watu wakiwa wanne kwenye mita moja ya mraba, bado kila mmoja anatembea kwa miguu yake. Wakifika sita au saba, umati unaanza kwenda kama maji, wimbi linatoka huku linaishia kule, na mwenye nguvu na mnyonge wanapelekwa sawa. Hakuna anayesukuma kwa nia mbaya, na aliye nyuma haoni kinachotokea mbele.

Kipimo ni hiki. Ukiguswa mabega yote mawili na mgongo kwa wakati mmoja, na huwezi kuinua mkono kujikuna uso bila kumgonga mtu, ondoka sasa, hata wimbo wako ndio umeanza. Ukingoja mpaka uogope, nafasi ya kuondoka imekwisha. Usisimame kwenye vyuma vya mbele, wala kwenye kona, wala mahali njia inaposhuka au kujibana. Ukifika tu uwanjani, tafuta mlango wa pili. Watu wote hukimbilia mlango walioingilia, ndio maana unajaa.

Ukishanaswa, weka mikono mbele ya kifua kama mtu wa ngumi, viwiko vimekunjwa, ubaki na nafasi ya mapafu kufunguka. Usishindane na wimbi. Likikupeleka, enda nalo. Likitulia, chukua hatua mbili za mshazari kuelekea pembeni, kisha ungoje tena. Simu ikianguka imekwenda, anayeinama harudi. Usipige kelele ovyo, pumzi ni yako ya kuishi. Akianguka mtu, wawili wamwinue kwa kwapa mara moja. Ukianguka wewe na huwezi kuinuka, lala ubavu, si kifudifudi wala chali, magoti yamekunjwa, mikono ikifunika kichwa.

Wakati wa kutoka kuna njia mbili tu tunazoziamini: kuondoka nyimbo mbili kabla ya mwisho, au kukaa kwenye kiti chako nusu saa baada ya taa kuwashwa. Taksi mkubaliane mapema, bei na mahali, mtaa wa pili kutoka uwanjani na si mlangoni. Mahali pa kukutana na mdogo wako mpange mkiwa nyumbani, maana umati ukijaa mtandao unazidiwa; WhatsApp inagoma, SMS ya kawaida mara nyingi inapita.

Tiketi nunua mahali palipotajwa kwenye bango au ukurasa wa msanii mwenyewe. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu usiyemjua badala ya mwandaaji, acha. Usiipige picha tiketi yako ukaiweka kwenye status. Ile alama ya mraba inasomwa mara moja tu, na anayefika kwanza ndiye mwenye tiketi.

Mtoto wa miaka 6 usimpeleke kwenye konseri ya usiku ya uwanjani. Umati unamfika usoni, na kizibo cha sponji hakishiki vizuri kwenye tundu dogo la sikio lake. Kama unataka aone wanamuziki wakipiga, mtafutie ya mchana au ya ukumbi wenye viti. Halle de l'Étoile, pale mjini, ni mahali pa kuanzia kuuliza. Au mpeleke akasimame mbele ya kikundi cha karindula kinachopiga mtaani: banjo ya pipa la mafuta lililovikwa ngozi ya mbuzi, hakuna bafle, na anaweza kukaa hatua nne kutoka kwa mpigaji akaona vidole vinafanya nini. Siku utakayompeleka mahali penye sono, mnunulie vifunika masikio vya kikombe vinavyokaa juu ya kichwa, mwandikie namba yako ya simu kwa kalamu mkononi, mkae pembeni karibu na njia, mrudi baada ya saa mbili.

Bwana yako ana haki nusu. Kwenye simu maneno yanasikika, kwa sababu video nyingi zinazotolewa na msanii zimechukua sauti kutoka kwenye meza yenyewe. Kinachokosekana ni besi, ambayo kibafle cha simu hakiwezi kuitoa, na ile sebene inaporefushwa dakika kumi kwa sababu watu wamekataa ikome.

Kwa mwezi wa nane, basi: daktari kwanza. Akikuruhusu na sikio likiwa limenyamaza wiki kadhaa, nunua ya dola 10, vaa vizibo tangu wimbo wa kwanza, simama karibu na meza ya sauti. Kama mlio bado upo, tiketi mpe bwana yako, na umwelekeze hiyo meza iko wapi.